Kutafuta Chanzo si Kutafuta Mkosaji



Kijana wa miaka 20 anapoanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, akaacha kuoga, akakataa chakula cha nyumbani kwa kuamini kimetiwa sumu, swali la kwanza la familia huwa moja: jambo hili limeanzia wapi? Swali lenyewe halina ubaya. Lakini tusikilize majibu yake. Ni mke wa ami yake, alimwonea husuda alipopata nafasi ya chuo. Ni mama yake, alipokuwa mjamzito alitoka nje magharibi bila kujikinga kwa dua. Ni baba, kuna haki ya watu aliyoila. Ni yeye mwenyewe, ameacha sala, au amesoma kupita kiasi, au amevuta bangi. Kila jibu lina mtu ndani yake. Tumeuliza chanzo, tukajibiwa mkosaji.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hayo ni maswali mawili, na kwamba kuyachanganya kunawadhuru wagonjwa wetu kuliko tunavyodhani. Nitaanzia maabara, kwa sababu huko nako watu wanauliza swali lile lile la chanzo, na njia wanayoitumia ina fundisho kwetu sote, awe mwanafunzi wa tiba au wa sharia.

Kutoka ngozi hadi neva

Ugonjwa tunaouzungumzia ni skizofrenia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 24 walikuwa wakiishi nao, yaani takriban mtu mmoja katika kila 300. Mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa ubarobaro au katika miaka ya ishirini, ambao ndio umri wa wengi wetu tunaosoma jarida hili.

Daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, aliupa jina hilo mwaka 1908. Tangu hapo watafiti walikwama mahali pamoja: ubongo wa mtu aliye hai haukatwi ukaangaliwa. Waliobaki nao ni ubongo wa marehemu, na ubongo wa mtu aliyemeza dawa kwa miaka mingi hauelezi vizuri kipi kililetwa na ugonjwa na kipi kililetwa na dawa. Ni kama kufika kwenye nyumba iliyokwisha kuungua ukaulizwa cheche ya kwanza ilirukia wapi.

Mlango ulifunguliwa Japani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, walionyesha kwamba seli ya ngozi ya panya ikiingiziwa jeni 4 tu, husahau kuwa ni ngozi na kurudi katika hali ya seli shina, yaani seli changa inayoweza kukua ikawa seli ya kiungo chochote. Mwaka uliofuata walifanikiwa kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 Yamanaka akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon. Kwa sisi tuliozoea kuuliza halali na haramu kabla ya kushangilia, jambo hili lina uzito wake. Seli shina za kwanza za kiinitete cha binadamu, zilizooteshwa Marekani mwaka 1998, zilipatikana kwa kuvunja viinitete vichanga. Njia ya Yamanaka inahitaji kipande kidogo cha ngozi ya mtu mzima aliyeridhia.

Mwaka 2011 Kristen Brennand na Fred Gage, wa Taasisi ya Salk huko California, walitangaza kazi waliyoifanya na wenzao. Walichukua seli za ngozi zilizotoka kwa wagonjwa 4 wa skizofrenia, wakazirudisha kuwa seli shina, kisha wakazikuza zikawa seli za neva. Pembeni walikuza seli za neva kutoka kwa watu wasio na ugonjwa huo. Walipozilinganisha, seli za wagonjwa zilikuwa na matawi machache zaidi, na ziliungana zenyewe kwa zenyewe kwa uchache. Walijaribu dawa 5 zinazotumika hospitalini. Moja, inayoitwa loksapini, iliongeza kwa kiasi cha kuonekana ule muungano uliokuwa umepungua.

Kazi nyingine zilifuata. Ubongo wa kijana hupunguza viungo vyake vya neva visivyohitajika, kama mkulima anavyopogoa matawi ya mbuni ili uzae vizuri. Mwaka 2016 timu ya watafiti wa Boston ilionyesha kwamba jeni iitwayo C4, yenye mkono katika upogoaji huo, ikifanya kazi kupita kawaida huongeza uwezekano wa skizofrenia. Mwaka 2019 timu nyingine ya mji huo huo ilitumia seli zilizotoka kwa wagonjwa, ikaona mle ndani ya kisahani seli za usafi za ubongo zikila viungo vya neva kuliko inavyopasa. Huenda hii ni sehemu ya sababu inayofanya ugonjwa ujitokeze katika umri wa chuo na si utotoni: mche ulikuwa na upungufu tangu mwanzo, lakini ni msimu wa kupogoa uliodhihirisha.

Ndani ya kisahani hakuna jirani

Tusidhani kwamba kutafuta mkosaji ni tabia ya wasiosoma. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, daktari bingwa wa akili aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, aliandika juu ya mama ambaye ubaridi na ukali wake humtia mwanawe skizofrenia. Fikra hiyo ilienea. Kwa miaka mingi mama wa Marekani aliyempeleka mwanawe hospitalini alirudi nyumbani na mizigo miwili: ugonjwa wa mtoto, na hukumu ya madaktari kwamba yeye ndiye aliyeuleta. Sisi tuna methali yetu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali nzuri ya malezi. Ikisemwa mbele ya mama wa mgonjwa wa akili, inageuka kisu.

Sasa tukitazame kile kisahani cha maabara kwa jicho la mtu anayetafuta haki. Seli za wagonjwa na seli za wazima zilikuzwa kwa njia moja, katika joto moja na maji ya chakula ya aina moja. Hapakuwa na mama mkali. Hapakuwa na jirani mwenye husuda, wala sala iliyopitwa, wala bangi, wala mtihani. Hata hivyo tofauti ilionekana. Zaidi ya hayo, seli za neva zinazopatikana kwa njia hii hufanana na zile za mtoto aliye bado tumboni kuliko za mtu mzima. Kwa hiyo watafiti wanatazama hatua za awali kabisa, kabla mtoto hajatamka neno la kwanza la kukemewa. Anayetaka kumtafuta mkosaji mle ndani hatampata.

Lazima hapa tuwe waadilifu, tusiibebeshe maabara zaidi ya ilichosema. Wagonjwa 4 ni wachache. Seli ndani ya kisahani haisikii sauti, haimwogopi mtu, haijitengi na rafiki zake. Anayeugua ni mtu mzima mzima, na maisha yake yote. Wala si kila kitu kimo ndani ya jeni. Pacha wa kufanana wana jeni moja, lakini mmoja akiugua skizofrenia, tafiti mbalimbali zinaonyesha kwamba wa pili huugua katika theluthi moja hadi nusu hivi ya hali hizo. Kuna mengine yanayochangia, na tunayajua baadhi yake.

Mojawapo ni njaa. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kisiingie magharibi mwa Uholanzi, na maelfu ya watu wakafa. Watafiti waliowafuatilia watoto ambao mimba zao zilitungwa wakati njaa imefikia kilele waligundua kwamba walipokua, uwezekano wao wa kuugua skizofrenia ulikuwa takriban mara mbili ya wengine. Hapo chanzo kipo, na kimepita ndani ya tumbo la mama. Kosa la mama huyo ni lipi? Alikula alichokipata. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba ugonjwa unaweza kupitia kwa mtu bila mtu huyo kuwa na hatia.

Na bangi je? Ni kweli kwamba bangi, hasa kali na hasa kwa mtu mwenye umri mdogo, huongeza uwezekano wa ugonjwa huu, na anayeugua anapaswa kuiacha. Ni kweli pia kwamba ni haramu kwetu. Lakini rafiki zake waliovuta naye kijiwe kimoja wengi wao wamehitimu na wanafanya kazi. Kama ugonjwa ungekuwa malipo ya kosa, basi malipo haya yamegawiwa kwa upendeleo wa ajabu. Kumwambia aache ni tiba. Kumwambia amejitakia ni kumwongezea ugonjwa.

Lawama ikihamia kwenye damu

Msomaji makini atasema: sawa, mmemwondolea mama lawama ya malezi, mkamrudishia lawama ya damu. Jirani ameachiwa, ukoo umeshikwa. Pingamizi hili ni zito, kwa sababu historia inaliunga mkono.

Mwezi Julai 1933 serikali ya Wanazi wa Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi watu waliodaiwa kuwa na magonjwa ya kurithi, na skizofrenia ilitajwa ndani yake kwa jina. Walioisukuma sheria hiyo walikuwa wanasayansi, akiwemo Ernst Rüdin wa Munich, aliyetumia miaka mingi kuchunguza urithi wa ugonjwa huu katika koo. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Kuanzia Januari 1940 hadi Agosti 1941 wagonjwa zaidi ya 70,000 kutoka hospitali na vituo vya matunzo waliuawa kwa gesi. Elimu ya chanzo iliwekwa mikononi mwa watu waliokuwa wakitafuta wa kumlaumu, ikawa hati ya kuua.

Sisi hatuna sheria kama hiyo, lakini tuna posa. Wazee wanapotumwa kuulizia familia, swali la wazimu katika ukoo haliachwi. Dada anaachwa kwa sababu ya kaka yake. Ndiyo maana familia humficha mgonjwa chumba cha nyuma, hospitali ikachelewa, na kuchelewa kukaharibu kile ambacho dawa ingekiokoa mapema. Kesho mtu atakuja na neno jeni badala ya neno mkosi, na dada huyo ataachwa vile vile, safari hii kwa lugha ya kisomi.

Jibu la wasiwasi huo limo ndani ya elimu hiyo hiyo, ikisomwa hadi mwisho. Mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya 10 wa kuugua. Yaani 9 kati ya 10 hawaugui. Mwaka 2022 watafiti wa nchi nyingi walilinganisha wagonjwa zaidi ya 76,000 na watu zaidi ya 240,000 wasio wagonjwa, wakapata sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na skizofrenia. Nyingi kati ya tofauti hizo ni za kawaida, na kila mmoja ana mkusanyiko wake. Anayeandika makala haya anazo, imamu anazo, na wazee waliokuja kuulizia posa wanazo. Hakuna ukoo wenye damu safi wa kuunyooshea kidole ukoo wenye damu chafu. Kuna wingi na uchache, na kuna yale ambayo Mwenyezi Mungu peke yake ndiye ajuaye kwa nini yamemkuta huyu yakampita yule.

Lawama ikiondoka, wajibu unabaki

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Ikiwa ugonjwa umeanzia kwenye seli, je, hakuna tena anayewajibika kwa lolote? Mgonjwa aseme ni neva zangu, familia iseme ni kadari, na kila mtu akae?

Hapa fiqhi yetu imetangulia. Tunafahamu kutoka katika Hadithi kwamba asiye na akili haandikiwi mpaka akili imrudie, kama asivyoandikiwa aliyelala na mtoto mdogo. Dhambi imeondolewa. Lakini wanazuoni hawakuishia hapo. Mali yake haikuwa halali ya kuchezewa. Iliwekewa walii wa kuilinda. Na akiharibu mali ya mtu, wanazuoni wengi wamesema fidia italipwa kutoka katika mali yake, ingawa hana dhambi. Tafakari hekima hiyo, ndugu msomaji. Kosa halipo, lakini hasara ya jirani haikupuuzwa, na haki ya mgonjwa haikufutwa. Lawama ilivuliwa, wajibu ukagawiwa kwa wanaouweza.

Na neno mpaka akili imrudie lina uzito mkubwa kwa ugonjwa huu, kwa sababu skizofrenia kwa watu wengi huja na kuondoka, na hutulizwa na dawa. Mtu aliyetulia ni mukalafu kamili. Ana sauti katika ndoa yake, biashara yake na matibabu yake. Tunakosea tunapomwita mwendawazimu siku zote kwa sababu ya miezi mitatu ya mwaka juzi.

Watafiti wenyewe wamelazimika kulizingatia hilo. Tafiti nyingi za vinasaba vya ugonjwa huu zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye vinasaba vya aina nyingi kuliko bara lolote. Kwa ajili hiyo utafiti uitwao NeuroGAP-Psychosis ulikusanya mate ya wagonjwa na ya wasio wagonjwa nchini Ethiopia, Kenya, Afrika Kusini na hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kikiwa mmoja wa washirika. Mtu hakuchukuliwa mate kwa sababu tu nduguye amekubali. Aliulizwa kwanza maswali ya kupima kama ameelewa anachoombwa. Kipande cha ngozi au tone la mate ni amana, na mwenye amana ni mgonjwa mwenyewe, si kaka yake mkubwa.

Na majini je?

Wapo watakaosema kwamba maneno ya jeni na neva yanapinga imani yetu ya kuwepo kwa majini. Hayapingi. Kuamini kwamba majini wapo hakumlazimishi Muislamu kuona jini katika kila homa, na kuamini kadari hakujamzuia mtu yeyote kumeza dawa ya malaria. Mwenyezi Mungu ameumba sababu, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake. Kisomo ni rehema, lakini kisomo kinachoanza kwa kumtaka mgonjwa atupe vidonge vyake kimevuka mpaka wake.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mwanamke mweusi aliyekuwa akishikwa na kifafa. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwomba amwombee. Mtume akampa hiari mbili: kusubiri na kupata Pepo, au kuombewa apone. Akachagua subira, ila akaomba asiwe akifunukwa nguo anapoanguka, na Mtume akamwombea hilo. Wengi wetu tunakisimulia kisa hiki kwa ajili ya fadhila za subira. Mimi naomba tukitazame kwa kile kisichokuwemo. Mwanamke yule hakuulizwa amefanya nini. Hakuulizwa mama yake aliishi vipi, wala nani alimwonea husuda. Aliulizwa anataka nini, na haja yake ndogo ya heshima ikachukuliwa kwa uzito.

Linalotuhusu sisi

Huenda miaka ijayo seli hizi zikaleta dawa bora kuliko tulizonazo. Wagonjwa wetu hawawezi kusubiri hadi hapo ndipo tuwatendee haki. Chanzo kikijulikana chote, kitamsaidia daktari kujua pa kuanzia. Hakitabadilisha tunachodaiwa sisi leo, kwa sababu heshima ya mgonjwa haikuwahi kutegemea matokeo ya maabara.

Kwa hiyo mwenzetu wa hosteli akianza kubadilika, tumpeleke kwa daktari kabla ya uvumi haujampeleka kwa mganga. Akiwa kwenye dawa, tumkumbushe siku za kliniki kama tunavyokumbushana sala ya jamaa. Akirudi chuoni baada ya muhula mmoja, tumpe nafasi yake katika safu na katika kamati, tusimpe jina jipya. Tukiulizwa habari za familia katika posa, tuseme kweli bila kuongeza, na tuwaeleze wazee kwamba ugonjwa si aibu ya ukoo. Na tukikutana na mama yake, tusimwulize ilianzaje. Tumwulize amelala lini mara ya mwisho, na nani anaweza kumpokea zamu kesho.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na atukinge na ndimi zinazotafuta mkosaji mahali pasipo na kosa. Amin.

Wabillahi tawfiq.